Vinywa vya Perege

Mke wangu alipoingia ziwani kukagua samaki, watu waliokuwa ukingoni walinyamaza. Hata wanawake waliokuja kuteka maji walishusha mitungi wakasubiri. Hilo la kunyamaza ndilo lililoniuma kuliko mengine yote. Mimi nilikuwa nikisema msikitini, nikisema barazani, nikisema shambani, na kila mara alikuwepo mtu wa kunikatiza. Yeye alikuwa hata hajafungua mdomo, amezama mpaka kifuani, amewapa watu kisogo, na kijiji kizima kimetega masikio.

Nimezeeka sasa, na haya nayaandika kwa herufi nilizofundishwa chuo cha Kurani kwa fimbo. Sina haja ya kujipamba. Nilimwonea wivu mke wangu, wala sisemi ule wivu wa mume anayeogopa mwanamume mwingine. Huo ningeweza kuusema hadharani na watu wakanipa pole. Nilimwonea kijicho kwa kazi yake. Niliitaka mimi.

Ziwa letu lilikuwa upande wa kaskazini wa mto Rufiji, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Mahege. Tuliliita Ziwa la Kaskazini kwa sababu ng'ambo ya mto lilikuwepo jingine, la wenzetu. Masika mto ukifurika, maji yaliingia ziwani pamoja na samaki. Mto ukishuka, mlango ulikauka na samaki wakabaki humo ndani, na hao ndio walikuwa kitoweo chetu mpaka mafuriko mengine. Kwa hiyo ilikuwa lazima wazae. Wasipozaa, au wakizaa tukawala kabla watoto hawajakua, ziwa lilibaki dimbwi la kunywea nyani.

Ndiyo maana kulikuwa na mkaguzi. Kila Alhamisi asubuhi, hasa kuanzia mvua za vuli, aliingia majini na kikapu cha ukindu akashika perege majike katika sehemu tatu za ziwa. Perege jike hulea mdomoni. Akishataga huyaokota mayai yake na kuyaweka kinywani, na vifaranga wakitoka hukaa humo humo mpaka waweze kujitafutia, na siku zote hizo mama hali kitu. Mkaguzi alimshika samaki chini ya maji, akapitisha kidole gumba chini ya taya, akasikia kama mna mayai au watoto. Kambale alimpapasa tumbo. Tena aliangalia ukubwa: perege mdogo kama kiganja cha mtoto akikutwa na mayai, ziwa linaumwa, samaki wanawahi kuzaa kwa sababu wanawahi kufa. Akimaliza alitoka na kusema neno moja. Limefungwa. Au, limefunguliwa. Na likishafungwa hakuna aliyetia hata ndoana, awe jumbe, awe mwalimu wa chuo.

Mkaguzi alikuwa baba yangu, na kabla yake baba yake. Mimi nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Hesabu hiyo haihitaji mwenye elimu.

Miguu yake ilipoanza kuvimba alinichukua ziwani mwaka mzima ili nijifunze. Sikuwa mjinga, lakini mikono yangu ilikuwa na haraka. Nilikuwa nikimshika samaki ninamwinua juu nimtazame, maana mimi ni mtu wa kuona, kupapasa sikuweza. Baba alinipiga kofi la kiganjani.

"Unamtoa wa nini? Perege ukimtoa majini anatema. Anatema yote, wewe unaona mdomo mtupu, unasema ameshamaliza kulea."

"Nimesahau, baba."

"Jana ulisahau. Juzi ulisahau."

Mke wangu nilimwoa Mbuchi, huko chini kwenye delta, kwa watu wa mikoko na maji ya chumvi. Wanawake wa kwetu walimtania kwamba mtu wa chumvi hawezi kumjua samaki wa maji baridi, naye alicheka nao. Siku moja alimpelekea baba uji ziwani akamkuta amekaa ukingoni, miguu imekataa. Akafunga kaniki yake vizuri, akaingia badala yake, na baba akawa anamwelekeza kwa maneno. Nilikuwepo. Niliona mkono wake ukitulia chini ya maji, kama mkono wa mama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala ajue kama ana homa.

"Baba," alisema, "huyu ana watoto. Wanatikisika."

Baba akacheka. Kicheko kile sikuwahi kukisikia kikitoka kwa ajili yangu, na tangu siku ile mimi nikawa "wewe bwana" na yeye akawa "mwanangu."

Haikupita miezi mingi baba akatangaza msikitini kwamba mkono wa kukagua ameshauona, ni wa mkwewe. Mwadhini wetu, hirimu yangu tuliyetahiriwa pamoja, mtu mwenye ulimi usiokaa, aligeuka akaniuliza mbele ya watu kama mume ana neno. Nikasema sina neno. Neno lilikuwepo, lilinikaa kooni, na limekaa humo miaka yote hii.

Basi yakaanza maisha ya mume wa mkaguzi. Mwadhini akikutana nami njiani aliuliza kwanza, "Shemeji amesemaje?" ndipo akanisalimu. Aliyerina asali alimletea yeye. Ziwa likifunguliwa, kichwa cha kambale wa kwanza kililetwa kwake, nami nikala mkia ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Nikaanza kutafuta kasoro. Nilimwambia mchuzi umezidi chumvi, kesho yake nikamwambia hauna. Alionja, akanitazama, akaongeza kidogo. Upole wake ulinichoma. Ningependa agombe, ili angalau jambo moja nimshinde.

Alikuwa na tabia ya kunisimulia. Akitwanga, akichambua mchele, ananieleza jinsi alivyompata jike mzee kwenye matete ya magharibi, mwenye mayai meupe yaliyoharibika, na kwamba anadhani maji ya upande ule yamekaa mno bila kusogea. Macho yake yalimeta akisema hayo. Mara nyingine alisema, "Twende wote Alhamisi, bwana. Mkono wako utazoea tu." Nami nikajibu nina kazi ya kujenga dungu la kulindia mpunga. Dungu lile nililijenga mara tatu mwaka ule.

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka wa vita. Alimwachia mke wangu maneno yote ya ziwa. Mimi aliniusia nizibe paa kabla ya mvua.

Kisha yakaja maji. Ng'ambo ya mto, kwenye vilima vya Wamatumbi, watu walikuwa wamechoka kulimia pamba ya Mdachi kwa viboko, na habari zikaenea za maji ya dawa yanayogeuza risasi kuwa matone. Wengi wa kwetu walivuka kwenda kuyapokea, nami nikavuka. Hasira ya viboko nilikuwa nayo kama wenzangu, mgongo wangu ulikuwa na alama. Lakini nikisema kweli yote, nilikwenda pia ili nirudi nikiwa mtu wa kusikilizwa. Njiani kote nilijiona nimesimama pale ziwani ninasimulia, na watu kimya.

Nilinyweshwa, nikanyunyiziwa, nikavishwa bua la mtama kichwani. Siku ya saba tulikutana na askari kwenye njia ya vilimani. Risasi zilikuwa risasi. Mwenzangu wa kushoto alianguka akiwa bado anaita jina la dawa, nami nikakimbia, na sikusimama mpaka mtoni.

Nilifika kijijini asubuhi ya Alhamisi. Watu walikuwa ziwani. Walinipa salamu, wakanipa pole, wakamshukuru Mungu kwa uhai wangu, kisha wakageuka kumtazama yeye, maana alikuwa bado majini. Alipotoka na kuniona alinikimbilia na nguo zinachuruzika, akanikumbatia mbele ya watu, akalia. Na mimi, mikononi mwa mwanamke anayenililia hivyo, nilikuwa nikiwatazama wale walionigeuzia migongo, mmoja mmoja.

Mdachi hakusamehe. Askari walivuka mto wakaja upande wetu, kwa kuwa walijua vijana wetu walikwenda. Tulikimbilia porini. Tuliporudi, maghala yalikuwa majivu na mpunga ulioachwa shambani umechomwa pia. Mbegu hakuna. Tukachimba ming'oko, vile viazi vya porini, na baada ya muda ming'oko ya karibu ikaisha, ikawa lazima kwenda mbali, na wengi hawakuwa na nguvu za kwenda mbali. Kilichobaki ni ziwa.

Mvua za vuli zilipoanza, mke wangu akaingia. Siku hiyo walikuja hata wagonjwa. Alikaa majini muda mrefu kuliko kawaida, akaenda sehemu zote tatu, akarudi tena ya kwanza. Ndipo akatoka.

"Limefungwa."

Mwadhini ndiye aliyejibu. "Shemeji, watu wana njaa."

"Najua, shemeji. Vinywa vimejaa. Nipeni siku arobaini tu, watoto watoke midomoni. Tutavua wakubwa, ziwa litabaki na mbegu."

"Masika mto utatuletea wengine."

"Mto haujatuahidi kitu. Usipopanda je? Tukivua sasa tutakula mwezi mmoja, basi. Tukingoja, tutakula mpaka mavuno."

Watu waliguna, lakini walimtii. Walikuwa na njaa na bado walimtii. Nilisimama pale nikiwatazama wakiondoka na vikapu vitupu, mifupa ya mabega imewatoka, na jambo lililonijia kichwani lilikuwa kwamba mimi ningewaambia hivyo wangenipiga mawe.

Tulikuwa na binti wa miaka mitatu. Miguu yake ilikuwa imekonda na nywele zimegeuka rangi. Nilimwambia mke wangu nyumbani, "Mtoto huyu atakufa ukilinda vifaranga vya samaki." Akaniambia, "Namwona. Mimi ndiye ninayembeba." Akamwekea fungu lake la ming'oko, yeye akanywa maji. Baadaye niliwaambia watu, na nikajiambia mwenyewe kwa miaka mingi, kwamba nililolifanya nililifanya kwa ajili ya mtoto.

Asubuhi ya Jumamosi, yeye akiwa porini kuchimba, nilimwendea mwadhini.

"Mke wangu amekosea," nilimwambia. "Mgeni yule, samaki wa huku hawajui vizuri. Baba alinifundisha mimi kwanza. Wamekwisha kulea. Njooni niwaonyeshe."

Alinitazama sana. Alitaka kuamini, macho ya mtu mwenye njaa huamini haraka. Tukachukua juya, ule wavu mrefu wa kukokota, tukalitandaza, na wote waliokuwa na nguvu wakashika kamba. Lilipofika ukingoni, perege walikuwa wakirukaruka ndani yake, wakubwa, wengi. Nikamshika jike, nikamwinua juu, nikamfungua mdomo kwa vidole viwili.

"Tazameni. Mtupu."

Nikamshika wa pili, mtupu. Wa tatu, mtupu. Mwadhini alichungulia kila kinywa. Hakukuwa na hata yai moja katika samaki wote niliowafungua, kwa sababu walikwishatema tangu juya lilipowabana. Mayai yalikuwa chini yetu. Yalinata kwenye nyuzi, ya manjano, mengi, na nilipokuwa nikisogea huku na huku kuwaonyesha watu niliyakanyagia matopeni kwa nyayo zangu. Nataka hili lieleweke vizuri. Safari hii sikusahau.

Na watu walinyamaza. Kijiji kizima kilinyamaza kunisikiliza mimi, nikiwa nimesimama na samaki mkononi, na raha niliyoisikia pale sijapata kuisikia tena, hata siku ya harusi yangu. Nikasema, "Limefunguliwa."

Alikuja mbio kutoka porini, jembe bado mkononi. Alipita katikati ya watu mpaka kwenye juya. Akainama, akaugusa uzi mmoja, akayaona mayai. Kisha akaniangalia mimi, na nikajua kwamba anajua nilijua. Nilimngoja apige kelele. Lakini nyuma yake watoto walikuwa wakigombania samaki mbichi, na mama mmoja alikuwa akimtafunia mwanawe pale pale. Aliwatazama muda. Halafu akaokota perege watatu, akaenda nyumbani kumpikia binti yetu.

Tulikula. Binti yetu alipata rangi, na kwa majuma machache mwadhini alinisalimu mimi kwanza. Mke wangu alipika, akapakua, akaniwekea kichwa cha samaki kila siku. Hakunisemesha habari ya ziwa tena, na chumvi ilikuwa sawasawa.

Mwezi haujaisha, juya likaanza kutoka jepesi. Kisha wakaja wadogo. Kisha wakaja wadogo zaidi, kiganja cha mtoto, na katika nyuzi mlikuwa na mayai yao. Tulivua hao pia. Masika ilipofika tulitazama mto kila asubuhi. Mvua ilikuwa haba na mto haukupanda. Mlango wa ziwa ulibaki mkavu, umepasuka nyufa. Watu wakaanza kufa, wazee kwanza. Mwadhini alikuwa akimpa mama yake chakula chake, wakafuatana katika juma moja. Siku aliyokufa mwadhini hakukuwa na mtu wa kuadhini, tukasali kwa kukisia kivuli.

Mke wangu ndiye aliyesema twende Mbuchi kwa ndugu zake. Alisema mara moja, na wote waliobaki wakafunga mizigo. Tulitembea siku nyingi kwa safari ya siku chache, yeye mbele na mtoto mgongoni, watu wakimfuata. Mimi nilikuwa katikati ya mstari. Hata pale, na tumbo limeshikana na mgongo, niliona nani anamfuata nani.

Kaka yake alitupokea. Huko askari hawakuwa wamechoma kila kitu. Palikuwa na mpunga kidogo, na mikokoni palikuwa na kaa. Tuliwekewa sinia la wali, la kwanza tangu mwaka uliopita, tukakaa kulizunguka. Kabla hatujatia mkono kaka yake akauliza. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amewahesabu watu waliofika, na alijua kijiji chetu kilivyokuwa.

"Ninyi mlikuwa na ziwa. Tena ziwa la kukaguliwa, dada yangu alituletea sifa zake mpaka huku. Nani aliyelifungua wakati wa mayai?"

Wenzangu walitazama wali. Kila mmoja wao alikuwa ameshika kamba ya lile juya.

"Mimi, kaka," mke wangu alisema. "Mkaguzi si mimi?"

Kaka yake alimsema mbele ya watu wote, mbele ya wageni na mbele ya wifi zake, kwamba amemwaibisha marehemu mkwewe, kwamba amewaua watu kwa mkono wake. Alimsema mpaka wali ukapoa. Yeye aliinamisha kichwa na kumlisha mtoto. Mimi nilikula.

Baadaye, tulipokuwa peke yetu tukianika nguo, nilimwuliza kwa nini. Akanijibu huku anakung'uta kaniki. "Ningekutaja wewe, angekufukuza. Mimi ni dada yake. Atanisema, yataisha."

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilimwonea wivu. Kosa nililitenda mimi, kwa akili yangu, mbele ya kijiji kizima, na hata hilo amelibeba yeye vizuri kuliko ambavyo ningelibeba mimi. Nikamwambia hakuna aliyemwomba.

Hayakuisha. Vita ilipotulia tulirudi kwetu, mto ukapanda, na samaki wakaingia. Alirudi majini. Alilifunga ziwa miaka miwili mfululizo na watu wakatii, lakini sasa walinung'unika, na waliohamia kwetu baada ya vita walionyeshwa kwa kidole yule mwanamke aliyefungua ziwa wakati wa njaa. Hata katika kijiji cha Dimani niliwahi kukutana na mtu asiyenijua akanisimulia habari hiyo, nami nikatikisa kichwa kama ninayeisikia mara ya kwanza. Waliojua kweli walikuwa wachache, na kila mwaka walipungua. Binti yetu alipokuwa mwanamwali alimwuliza mama yake, mimi nikisuka mkeka hatua tatu tu kutoka hapo, ni kweli alifanya hivyo? "Njaa, mwanangu," alisema. Binti akamwonea haya mama yake kwa muda mrefu, nami nikaendelea kusuka.

Amefariki mwaka huu. Walikuja watu wengi kuliko waliomzika baba, wengi kuliko watakaonizika mimi, na nilipokuwa nikitia udongo kaburini niliwahesabu. Mwalimu wa chuo, kijana aliyezaliwa baada ya vita, alitusomea dua. Alimwombea nuru na nafasi, akamwombea pepo. Kisha akainua mikono juu zaidi akasema, "Na umsamehe, ya Rabbi, lile la ziwa, na roho za watu wako zilizopotea kwa ajili yake."

Watu wote waliitikia amin. Nami nikaitikia, kwa sauti, ili wanisikie.